Nzisa, Mwaitu wa Ndambuki

Nzisa alizaliwa mtaa wa Jericho, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji ambazo mlango wa mmoja hutazamana na mlango wa mwenzake, na siku aliyoletwa kutoka hospitalini baba yake alimpokea kwa mikono miwili akamwita mama. Hakuwa akitania. Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na akishapewa jina amepewa pia heshima ya mwenye jina. Ndiyo maana Ndambuki, dereva wa lori mwenye shingo nene na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa akiinama juu ya mtoto asiye na hata jino moja na kumwuliza taratibu, "Mwaitu, umeamkaje?" Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Majirani wa makabila mengine walicheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Ndambuki alikuwa na mdogo wake, Kyule, mchonga vinyago aliyeishi Komarock. Mama yao alikuwa mmoja, kwa hiyo Kyule naye alikuwa na haki ya neno hilo. Lakini Ndambuki alimnyima kabisa. "Mama huyu ni wangu," alimwambia mbele ya watu siku ya ubatizo. "Wewe zaa wako." Kyule akajitahidi, akapata wavulana watupu, na kila alipozaliwa mwingine Ndambuki alimpelekea kuku na salamu za pole. Basi Kyule akamwita mtoto Nzi, kwa kufupisha jina lake na kwa sababu, alisema, hatulii mahali na hukimbilia sukari. Utani ukakua pamoja na msichana. Hata alipokuwa mtu mzima, Kyule akifika tu mlangoni ungemsikia akiuliza, "Nzi yuko wapi?" na Ndambuki akijibu kutoka ndani, "Uliza vizuri. Huyo ni mama ya mtu."

Na neno lile halikuwa pambo tu, lilikuwa na kazi. Kabla ya safari ndefu ya Busia au Malaba, Ndambuki hakuwasha lori bila kupewa ruhusa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, na mtoto wa miaka minne, mdomo bado una uji, akamwambia, "Nenda, Mungu akutangulie." Hapo ndipo alipoondoka. Mama mzazi wa Nzisa, Muthoki, mshonaji wa sare za shule katika soko la Jericho, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hilo nalo alilitazama kwa maneno machache. Mungu hakuwaongezea mtoto mwingine. Yeye alikata vitambaa, akapanga nyumba, akaamua mambo, akawaacha baba na bintiye na mchezo wao.

Nzisa alipopata nafasi ya kwenda Finland kusomea uuguzi, kanisa zima lilimwombea, na mtaa wote ukamwagiza theluji kana kwamba ni kitu cha kufungwa kwenye gazeti. Uwanja wa ndege, watu walipokuwa wakipiga picha, Ndambuki alikuwa amesimama pembeni akiizungusha kofia yake. Nzisa alimfuata.

"Sasa leo ni mwaitu anayeondoka," baba akasema. "Na mimi sijui mtoto humpa mama ruhusa vipi."

Nzisa akamwambia aseme lile lile. Akalisema, lakini halikutoka vizuri, likakwama katikati, na ikabidi Muthoki awasukume wote wawili kwa sababu watu walikuwa wakiitwa ndani.

Mji wa Oulu, alikokwenda kusoma, uko juu kabisa kaskazini, kando ya bahari inayoganda. Majuma ya kwanza Nzisa alijihisi kama mtu aliyeingia katika usingizi wa mtu mwingine, anayetembea kwa uangalifu asije akamwamsha mwenyewe. Theluji ilianguka bila sauti. Mtoto wa Jericho hajui kitu kinachoanguka bila sauti. Kwao hata mvua huanza kwa kugonga mabati ya vibanda vya sokoni na kupiga kelele kwamba imefika. Hapa mtu aliamka akakuta ulimwengu umefunikwa shuka, miti imesimama miembamba na myeupe, na watu wakipita kwa baiskeli juu ya barafu, wima, kimya, kana kwamba kila mmoja amebeba yai kichwani. Jua lilichungulia mchana, likatazama kidogo, likarudi lilikotoka.

Alichokikosa kwanza ni salamu. Aliwasalimia wote kwenye ngazi za bweni, kama alivyofundishwa, na wakamwitikia kwa mshtuko. Baadaye akagundua kwamba jirani wa mlango wa pili husikiliza kwanza mpaka njia iwe tupu ndipo atoke. Aliyemfungua macho ni Hirad, kijana wa Eastleigh aliyekuwa ametangulia mwaka mmoja. Kule Wakenya waliitana kwa mitaa.

"Sasa, Jericho," Hirad alimwambia. "Huku ukimsalimia mtu kwa ngazi anadhani unamuuzia kitu."

"Na nisiposalimia?"

"Hapo atakupenda mpaka kufa, na hutawahi kujua."

Kulikuwa pia na Shiku wa Buruburu, aliyeweza kusonga ugali kwa unga wowote aliouona dukani, na watatu hao wakawa na meza yao katika jiko la bweni. Walijifunza kuvua viatu mlangoni, kula mkate mweusi mgumu kama kisigino, na kukaa na mtu saa nzima bila kusema neno wala kudhani amekasirika. Nzisa alifanya mazoezi ya kazi katika nyumba ya wazee. Alikuwa na bibi mmoja kizee wa kumlisha, mwenye macho ya rangi ya maji, ambaye kila siku alimshika kidole kimoja tu na kukitazama kwa muda mrefu. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Nzisa alimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na bibi akaitikia kwa kope.

Kila Jumapili, baada ya ibada, sauti ya Ndambuki iliingia kwenye simu. Hakujua kuandika ujumbe mfupi ukawa mfupi, kwa hiyo alirekodi. Alieleza mahubiri, alieleza lori, alieleza Mbuthia wa mlango wa mbele alivyotengeneza redio ya mtu ikaanza kushika stesheni moja tu, ya mazishi. Mwishoni alisema, "Mwaitu, nipe ruhusa ya wiki." Nzisa naye akarekodi, "Nenda, Mungu akutangulie." Ndipo wiki ikaanza, huku na huko.

Jambo lililomteka Ndambuki kuliko yote ni barabara ya barafu. Nzisa alimwambia kwamba baridi ikizidi, watu wa pale hupima unene wa barafu ya baharini, wakasimamisha alama, na magari yakavuka juu ya maji hadi kisiwani. Dereva yule hakulala. Aliuliza ukipiga breki inakuwaje. Akauliza kama barafu hulia. Nzisa akamjibu kwamba hulia, hutoa mlio mrefu chini kama mtu anayegeuka kitandani, na kwamba huruhusiwi kusimama wala kulikaribia gari la mbele.

"Na lori?"

"Malori mazito hayaruhusiwi, Baba."

Alihuzunika kana kwamba amenyang'anywa leseni. Kazini, kule Industrial Area, wenzake walikataa katakata kwamba kuna bahari ya kuendeshwa, na akagombana nao msimu mzima kwa niaba ya binti yake.

Mwaka wa mwisho ulikuja na mtihani wa kukokotoa dawa. Mtihani huo hauruhusu kosa hata moja, kwa sababu nukta ikikaa vibaya mgonjwa hupewa mara kumi ya kiasi chake. Ndambuki alisimama kanisani akautangaza, akaomba maombi, akaueleza vibaya hivi kwamba waumini wengine walidhani Nzisa ndiye mgonjwa.

Katikati ya Mei, siku ya Jumatano, Ndambuki alishuka kwenye lori katika ua wa ghala, akasema anasikia kizunguzungu, akaketi kwenye kivuli cha gurudumu, na hakuinuka tena.

Nzisa hakuambiwa. Muthoki ndiye aliyeamua. Kabla hata viti havijaletwa aliwakusanya jamaa chumbani akasema mtoto asijue mpaka amalize mtihani wake, maana kichwa cha kupima dawa hakiwezi kubeba na maiti. Hakuna aliyempinga. Waumini wakaambiwa wasitume picha, Mbuthia akaambiwa aondoe tangazo kwenye kundi la mtaa, na Nzisa akaambiwa kwamba baba amepelekwa Juba na shehena, na huko simu haishiki. Ndambuki alikuwa amewahi kwenda Juba. Lilikuwa jambo la kuaminika.

Kwa hiyo walimlaza nyumbani kwao Mbooni, kwa nyimbo na sala, na bintiye alikuwa jikoni Oulu akimenya viazi. Siku moja alipompigia mama yake alisikia watu wakiimba nyuma, wengi, kwa sauti nzito. Muthoki akasema ni ushirika wa kina mama. Nzisa akafurahi akamwambia awasalimie.

Mei kule ni mwezi ambao nuru haiondoki. Barafu huyeyuka, bahari hufunguka, na usiku hauji. Hukaribia tu, ukasimama nje kama mgeni mwenye haya. Mtu hulala usingizi mwepesi unaopitisha mwanga. Jumamosi moja mchana, amechoka na vitabu, Nzisa alilala akamwona baba yake akiendesha lori juu ya bahari. Barafu haikuwepo tena, ni maji matupu, ya buluu, na lori lilipita juu yake bila kulowa na bila mlio. Ndambuki alikuwa ametoa kiwiko dirishani. Hakuwa na haraka. Alipofika usawa wa dirisha la bweni alipunguza mwendo kidogo, kama dereva anayempisha mtu avuke, kisha akaendelea kuelekea kwenye ile nuru iliyokuwa kila upande, hata usingeweza kusema ni mashariki au magharibi. Nzisa aliamka akicheka. Aliona ni ndoto nzuri, akaiweka ili amsimulie akirudi kutoka Juba.

Jumapili ile sauti ilikuwa ya Kyule. Baba yake mdogo alikuwa amepewa kazi ya kupiga simu ili Jumapili isiwe na shimo, na alikuwa akiifanya vizuri. Walicheka. Alimwuliza kama nzi wanaishi kwenye baridi hiyo. Akamweleza kinyago cha kifaru alichokikosea pembe kikawa nguruwe, na mzungu aliyekinunua akakisifu kwa unguruwe wake. Nzisa alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai. Kisha Kyule akaaga.

"Haya, mwaitu. Soma vizuri."

Kikombe kilibaki pale kilipokuwa, karibu na mdomo. Chini uani mtu alikuwa akifungua kufuli la baiskeli.

"Anko," Nzisa akasema. "Umeniitaje?"

"Si nimekuita Nzi."

"Hapana."

Kyule akakohoa, akaanza habari ya simu kukatika, akaiacha. Nzisa alimsikia akipumua. Na katika pumzi ile alijua, bila mtu kumweleza, kama unavyojua umefika nyumbani kwa kusikia harufu. Neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe asingelitoa akiwa hai, si kwa kuku, si kwa utani, si kwa ndugu yake wa tumbo moja. Kama limehama, basi limemhamia mrithi.

"Anko, Baba alikufa lini?"

Mchonga vinyago yule alilia. Alilia kama mtu aliyekuwa akingoja tu aulizwe. Akamwambia siku, akamwambia mahali, akamwambia kwamba wameshazika. Halafu akasema, "Sikupanga, Nzi. Nimekaa kwa kiti chake hapa Jericho, neno likatoka lenyewe. Nilikuwa nafikiri tu, sasa nani atakuita hivyo?"

Nzisa alimwomba jambo moja, asimwambie Muthoki kwamba siri imetoka. Mtihani ulikuwa wiki hiyo. Mama yake alikuwa amebeba mzigo mpaka karibu na mlango, na Nzisa hakutaka kumwangushia hapo.

Kwa hiyo siku zilizofuata mama na binti walidanganyana kwa upole mkubwa. Muthoki alisema Juba kuna joto. Nzisa alisema ampe Baba salamu akipiga. Muthoki akasema atampa. Kila mmoja akamtakia mwenzake usiku mwema akitumia sauti aliyoitengeneza kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Lakini kulia hakuweza. Kule kwao mtu akipiga ukemi, mlango wa mbele hufunguka, na wa pili, na mwanamke mwenye unga mikononi huja kukushika kabla hajajua kuna nini. Kilio cha Jericho hakina mwenyewe mmoja. Hapa alifikiria kwamba akilia kwa nguvu mtu ataita gari la wagonjwa, nao watamjia kwa adabu, na kumwuliza maumivu yako wapi. Alikaa tu. Shiku na Hirad walikuja jikoni, wakachemsha chai ya maziwa mengi na tangawizi, Shiku akaomba kwa jina la Yesu na Hirad akainua viganja vyake akaomba kwa njia yake. Waliimba kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu ya sheria za bweni, na wimbo wa msiba ukinong'onwa huwa kama kitu kilichoibwa. Msichana mmoja Mfini aliingia kuchukua mkate wake. Akawatazama, akatoka. Baada ya kitambo akarudi na mshumaa unaowaka, akauweka katikati ya meza, akaondoka bila neno. Nzisa aliutazama mwali ule mpaka macho yakamkauka. Chozi halikuja. Hata kesho yake, alipokuwa akimlisha yule bibi kizee na kijiko kikasimama hewani, ni bibi aliyelia, machozi mawili mepesi, akiwa amemshika kile kidole, na hakuna aliyejua ni kwa nini.

Mtihani aliufanya. Swali la dripu alilisoma akaona namba zinaelea kama vitu vilivyo chini ya maji, akazipanga, akazipanga tena. Matokeo yalipotoka alikuwa amekosea moja, ni nukta tu. Angeurudia baada ya likizo. Matokeo hakuyasema kwenye simu, na Muthoki naye aliona habari ya kifo ni ya kuambiwa mtu ana kwa ana.

Alifika Jericho Julai, wakati wa ule ukungu wa baridi unaofanya mtaa uonekane kama umechorwa kwa penseli na kufutwafutwa. Katika ndege hakuwa amelala, na sasa kila kitu kilimjia kwa mbali: rangi ya mlango, mtungi wa maji, cherehani ya mama yake iliyofunikwa kitambaa. Ndani walikuwa Muthoki, Kyule, na mchungaji, na chakula kingi mezani. Alielewa mpangilio. Angekula kwanza, kisha mchungaji angefungua Biblia, kisha angeambiwa, chini chini, mlango ukiwa umefungwa, na awe amefiwa peke yake mbele ya sahani.

Muthoki alimkumbatia, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, na la kwanza kumwuliza likawa mtihani.

"Nilikosa moja, Mama."

"Ukakosaje na wewe unazijua?"

"Kwa sababu nilikuwa nimejua na lingine."

Muthoki akamgeukia Kyule. Kyule akatazama mikono yake. Muthoki akavuta kiti, lakini hakukikalia.

"Basi nilificha bure," akasema.

Nzisa hakumlaumu. Alisema tu analolitaka, na alikuwa amelifikiria tangu Oulu, njia nzima, juu ya mawingu. Alitaka matanga. Alitaka aambiwe nje, mbele ya watu, kama wengine walivyoambiwa, kuanzia mwanzo, kana kwamba ni leo. Kule alikotoka amejaribu kumlilia baba yake na ameshindwa. Kilio kimemkaa kifuani kama mfupa, na hajui mahali pengine pa kukitolea ila hapa.

Mama yake akakataa. Alisema msiba hauchezwi mara ya pili. Viti vya kukodi vilisharudishwa, majirani walikesha wakachoka, kaburi lilishafunikwa na maua yakanyauka, na yeye hana nguvu ya kuanza tena. Watu watasema Muthoki ametafuta michango mingine. Akamwomba mchungaji amweleze mtoto. Mchungaji, mtu mwaminifu, alisema hajawahi kuona jambo kama hilo, na pia hajaona mahali Mungu alipolikataza, na akanyamaza akiwa hajamsaidia mtu yeyote.

Mlango ulikuwa wazi wakati wote huo. Ng'ambo, Mbuthia alikuwa amekaa na redio mapajani, bisibisi mkononi, akijifanya hasikii.

"Mama Nzisa," akaita bila kuinua kichwa. "Vya kukodi vilirudi. Vya kwetu viko."

"Mbuthia, haya si yako."

"Si yangu, ni kweli. Mimi nasema tu viti viko. Na hatukuchoka. Kilichotuchosha ni ile chai yenu ya siku ya tatu, haikuwa na majani."

Kyule akacheka, na akiwa bado anacheka akajifuta macho. Mbuthia akaweka redio chini, akaingia kwake, akatoka na viti viwili, kimoja kina mguu wa waya. Akavipanga nje. Mkewe akatoka na benchi. Wa mlango wa tatu akauliza kuna nini, akajibiwa, akaingia ndani bila kuuliza zaidi, akatoka na stuli za watoto. Hawakuwa wengi kama siku zile za kwanza. Walikuja wale waliokuwa nyumbani alasiri hiyo, wanawake wengi, wengine na aproni zao, mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda sokoni, wakakaa kwenye ukungu wakiwa wameinamisha vichwa. Katikati walitandika mkeka. Nzisa alikaa hapo, na mke wa Mbuthia akamfunika leso mabegani.

Muthoki alibaki mlangoni, mikono imekunjwa.

Kyule alisimama. Alikuwa amewahi kulitoa tangazo hilo mara moja, mwezi Mei, mahali hapo hapo, na watu wote waliokuwepo walikuwa wamelisikia. Alivua kofia. Akasema kwa Kiswahili cha kanisani kwamba kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kuondoka kwa Ndambuki, mume wa Muthoki, dereva, muumini, kaka wa Kyule. Akataja kijiji alichozaliwa. Akataja kazi alizofanya, malori aliyoendesha, mvua aliyonyeshewa Malaba. Alisema aliumwa kidogo tu na hakumsumbua mtu. Akafika mahali pa kusema ameacha nani, akasema, "Ameacha mtoto mmoja," na hapo sauti ikamkatikia.

Ndipo kilio kikaja. Kilianza chini kabisa, na Nzisa mwenyewe hakukitambua kuwa chake. Aliona kama kinapita tu kwake kikienda kwa watu. Wanawake wakakipokea. Mlango wa mbali ukafunguka, na mwingine baada yake. Mtu alimshika kiuno, mwingine kichwa, mikono yenye harufu ya kitunguu na sabuni, na ukungu ukawazunguka wote kama pumzi ya kitu kikubwa kilicholala.

Hakuona mama yake alipotoka mlangoni. Alisikia tu watu wakisogea kupisha.

"Sogea," Muthoki akasema.

Nzisa akasogea. Muthoki akavua viatu, akavipanga vizuri kando, akakaa chini kwenye mkeka miguu imenyooka mbele, kama mjane anavyokaa siku ya kwanza. Siku zile zote za Mei hakuwa amekaa hapo. Majirani walikumbuka sasa: alikuwa akiingia na kutoka, akisimamia maji, akisimamia sufuria, na kila mara akikimbilia chumbani na simu sikioni, akifunga mlango, na kutoka uso ukiwa mkavu. Walidhani ni nguvu.

"Mimi pia sijamlilia," akamwambia binti yake, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Kila nikitaka kulia, simu yako ililia kwanza. Nikawa najipangusa, nakuja kukuchekea."

Nzisa alimlaza mama yake begani. Muthoki alikataa kidogo, shingo imekaza, halafu shingo ikalegea, na sauti iliyomtoka haikufanana na sauti yake kabisa. Ilikuwa ya msichana mdogo anayeita mtu aliye mbali kidogo tu, upande wa pili wa nyumba.

Mke wa Mbuthia akaanzisha wimbo. Mchungaji alikuwa amesimama na Biblia imefungwa kifuani, akaona bora aimbe na wengine. Mvua nyepesi ikaanza, ile ya Julai isiyolowesha haraka, na mtu mmoja akauliza kama waingie ndani. Mbuthia akaingia kwake, akatoka na kiti kingine, akakikalia kando ya mkeka.